Ada ya chuo kwa pesa ya tuisheni: jibu kwa binti wa kidato cha sita

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nasoma kutwa Morogoro na ninaishi kwa shangazi. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama ana genge la mboga. Tangu mwaka jana nawafundisha hisabati watoto wanne wa mtaani, siku tatu kwa wiki, kila mmoja ananipa shilingi 500 anapokuja. Nataka kusoma uhandisi. Mama hataki nikope Bodi ya Mikopo, anasema deni litanifuata mpaka uzeeni, bora nitumie miezi ya kusubiri chuo nikusanye ada mwenyewe kwa tuisheni. Kaka anasema niache tuisheni kabisa nisome. Halafu kuna baba mmoja anataka niwe naenda kwake jioni kumfundisha mwanawe, na anaahidi kulipa vizuri. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole kwa kumpoteza baba. Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuwashauri vijana wanaotoka kidato cha sita kuhusu vyuo na namna ya kuvilipia. Barua kama yako huja kila mwaka, ila yako imenigusa kwa sababu mama, kaka na wewe kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Kwa kifupi: endelea kufundisha, lakini usiitwishe tuisheni mzigo wa ada. Ada itafute kwenye matokeo ya mtihani wako wa Mei na kwenye Bodi ya Mikopo. Pesa ya tuisheni ikuingize chuoni na ikutunze hapo mpaka bumu, yaani posho ya mkopo, litoke. Sasa nikueleze kwa nini.

Wewe ni mtu wa PCM, tuanze na namba. Watoto wanne kwa shilingi 500, mara tatu kwa wiki, ni 6,000 kwa wiki, yaani 24,000 kwa mwezi, kama hakuna aliyeugua, aliyesafiri wala aliyekuja mikono mitupu. Programu nyingi za shahada kwenye vyuo vikuu vya umma zina ada ya kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Tuchukue milioni 1.3. Kwa mwendo wa sasa itakuchukua zaidi ya miaka minne kuipata ada ya mwaka mmoja, na miaka minne ndiyo urefu wa shahada yenyewe ya uhandisi.

Utaniambia baada ya mtihani utakuwa na muda wote. Ni kweli, kwa hiyo tupige hesabu ya hali nzuri. Tuseme kuanzia mwishoni mwa Mei una makundi mawili ya watoto wanane wanane, kila kundi siku nne kwa wiki, kila mtoto 1,000 kwa siku. Hiyo ni 256,000 kwa mwezi. Toa robo nzima kwa ajili ya wanaokosa, wanaochelewesha na wanaohama bila kuaga. Mimi hutoa robo daima, na kwa mitaa mingi bado ni ukarimu. Inabaki 192,000. Kwa miezi mitano mpaka chuo kifunguliwe ni 960,000, kabla hujanunua chaki na kulipa fotokopi, kabla hujamsaidia mama kodi ya genge. Ni pesa ya maana sana kwa msichana aliyemaliza shule juzi, lakini haijafika ada ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili, wa tatu na wa nne hutakuwa na miezi mitano ya kusubiri.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hulisahau wanapopanga: JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporudishwa mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini kwa kama miezi mitatu, na majina hutangazwa karibu na mwisho wa mtihani. Jina lako likitoka, unaripoti. Miezi mitano yako inakuwa miwili, na 960,000 inakuwa 384,000. Hapo utaona mpango wa mama wa kutegemea tuisheni peke yake unavyoweza kuvunjika kwa tangazo moja tu.

Kuhusu mkopo, nakuomba umsomee mama sehemu hii kwa utulivu, maana hofu yake ina msingi. Kuna kipindi deni la Bodi lilikuwa likiongezeka hata kwa anayelipa, kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Watu walilipa miaka na miaka na salio halishuki. Pengine mama amewasikia hao. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 iliyokuwa ikiwaandama waliochelewa. Leo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mhandisi anayeanza kazi kwa mshahara wa 800,000, kwa mfano, atakatwa 120,000 kila mwezi. Inauma, sitamficha mama. Ila aweke upande wa pili wa mizani kile mkopo unacholeta: ada, sehemu au yote kulingana na uhitaji wako, posho ya chakula na malazi ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000 kwa siku, na fedha ya vitabu. Posho peke yake kwa miezi minane ya masomo inakaribia milioni 2.4. Ukijumlisha na ada unakaribia milioni 4 kwa mwaka. Hakuna baraza ya tuisheni Morogoro itakayokupa milioni 4 kwa mwaka huku wewe mwenyewe uko darasani Dar es Salaam au Mbeya.

Na wewe una sababu ya kuzingatiwa. Bodi hupima uhitaji, na yatima wa mzazi mmoja aliyebaki na mama mwenye genge yuko miongoni mwa wanaolengwa. Lakini Bodi husoma nyaraka. Cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Nimewaona watoto wenye uhitaji wa wazi kabisa wakipewa kidogo kwa sababu cheti cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa, familia ina kibali cha mazishi tu. Kama nanyi hamna, mama aanze kulifuatilia wiki hii. Fomu ya maombi ina ada ya 30,000, inahitaji sahihi ya serikali ya mtaa, mdhamini, na muhuri wa kamishna wa viapo. Hizo pesa ndogo ndogo ndizo kazi ya kwanza ya tuisheni yako.

Kazi ya pili ni kuziba lile pengo la mwanzoni. Ukifika chuo utakuta wanakuomba vitu ambavyo mkopo hauvigusi au unachelewa kuvigusa: bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, ada ya udhibiti ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000, fedha ya usajili, ya kitambulisho, ya umoja wa wanafunzi, godoro, nauli. Kama Bodi imekupa ada nusu, nusu nyingine ya muhula wa kwanza inadaiwa mapema. Na bumu halisubiri mlangoni. Kuna wiki za kusaini, kusahihisha namba ya akaunti, kusubiri tena. Wa mwaka wa kwanza, katika wiki hizo, ndio wanaokula mlo mmoja kwa siku na kuona aibu kusema. Msichana asiye na akiba wakati huo yuko hatarini kwa namna ambayo mimi na wewe tunaijua bila kuitaja. Laki nne au tano mkononi mwako mwenyewe, Oktoba ile, zina thamani kuliko namba yake.

Sasa kaka. Kaka yuko sahihi nusu. Kati ya leo na mtihani, saa yako moja ya Fizikia ni ghali kuliko 2,000 za watoto wanne. Ufaulu mkubwa kwenye sayansi unaweza kukupa Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita na kuchagua programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Huo haurudishwi. Hata usipoufikia, alama nzuri zinakupa nafasi ya kuchagua chuo cha umma chenye ada ndogo badala ya kwenda unakosukumwa. Kwa hiyo punguza sasa hivi: Jumamosi asubuhi tu, wale wale wanne, usipokee mtoto mpya. Ikifika Aprili waage wazazi vizuri, waambie utarudi baada ya mtihani, na usirudi nyuma hata mzazi akiongeza bei.

Lakini kuacha kabisa leo, hapo ndipo sikubaliani na kaka. Anayemfundisha mwingine hujifunza, na hili limepimwa. Mwaka 1982 watafiti watatu wa Marekani, Cohen na Kulik wawili, walikusanya tafiti 65 za wanafunzi kufundishana wakakuta faida kwa pande zote mbili: wanaofundishwa hupanda, na wanaofundisha nao hulielewa zaidi somo lenyewe. Miaka miwili baadaye, mjini San Antonio, Texas, shirika la utafiti wa elimu la IDRA lilianza mpango wa kuwalipa wanafunzi wa sekondari wawafundishe watoto wa shule za msingi. Nakueleza mpango huo kwa sababu wale waliochaguliwa kufundisha hawakuwa vinara wa darasa. Walikuwa ndio waliokuwa hatarini kuacha shule. Walipewa watoto, wakalipwa, wakaheshimiwa, na wengi wakabaki shuleni. Nami nimeona kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tano: aliyelazimika kumweleza mtoto kwa nini hasi mara hasi ni chanya hasumbuliwi tena na alama za hasi na chanya anapofika kwenye vekta.

Nije sasa kwenye kufundisha kwenyewe. Mzazi hakulipi kwa sababu mwanawe amekaa barazani kwako saa moja na nusu. Anakulipa ili ajue alichokuwa hakijui. Tuisheni nyingi za mtaani ni mitihani iliyopita inayosomwa kwa sauti: swali, jibu A, swali, jibu C, tuendelee. Mtoto anarudi nyumbani na daftari limejaa na kichwa kiko pale pale. Ukifundisha hivyo utashindana na kila mtu mwenye ubao, na utashindana kwa bei tu.

Mtoto mpya akija, siku ya kwanza usimfundishe kitu. Mpe maswali machache kuanzia ya darasa la pili kwenda juu, kaa pembeni, tazama anaposimama. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, uliopima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa nchi zetu hizi kuanzia miaka ya 2009 na 2010 zilitumia maswali ya kiwango cha darasa la pili, na mwaka hadi mwaka zilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu hawajayamudu. Kwa hiyo usishangae mtoto wa la saba akikwama kwenye kutoa kwa kuchukua. Anzia hapo hapo alipokwama, hata kama mama yake anataka aone "mambo ya la saba". Mweleze mama ulichokiona, muoneshe karatasi.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Mpe mtoto wa la sita 3/4 + 1/2. Wengi wataandika 4/6: juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu mwenye haraka hufuta, huandika 5/4, hupita. Wewe usifute. Muulize: "Mama kakutuma dukani robo tatu ya kilo ya sukari, kisha akakumbuka, akakwambia ongeza nusu kilo. Utarudi na kilo kamili, pungufu, au imezidi?" Atasema imezidi, na hatahitaji kalamu, kwa sababu dukani anakwenda kila siku. Sasa mrudishe kwenye daftari lake. Ile 4/6 haifiki hata kilo moja. Zaidi ya hapo, ni ndogo kuliko robo tatu aliyoanza nayo: fanyeni kwa kumi na mbili, 8/12 na 9/12, aone kwa macho yake. Ameongeza sukari na sukari imepungua. Mwache ahangaike na hilo dakika moja, usimwokoe. Ndipo mkunje karatasi mara mbili, nusu ionekane ni robo mbili, na robo tatu na robo mbili ni robo tano: kilo na robo. Mtoto aliyepita njia hiyo siku moja hakosei tena KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwa sababu anajua inatafutwa ya nini. Wewe umetumia dakika ishirini kwa swali moja, na hizo ndizo dakika ambazo mwalimu wake mwenye watoto themanini hana.

Kundi jingine ambalo ningekushauri ulilenge ni kidato cha kwanza. Mtoto ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, anajua namba tasa, anajua kuzidisha. Kitabu cha Kiingereza kinamwambia atafute zao la namba tasa tatu za kwanza, naye anakaa kimya kama hajasoma kitu maishani. Msomee swali hilo hilo kwa Kiswahili, atasema 30 kabla hujamaliza. Huyo hana tatizo la hisabati. Mtengenezee daftari dogo la maneno, kila siku maneno matano ya hisabati kwa lugha zote mbili pamoja na swali moja la kila neno, na ndani ya muhula mmoja utaona mabadiliko ambayo mzazi atayatangaza kwa majirani bila kuombwa. Mimi naamini hakuna huduma ya kielimu inayohitajika zaidi mitaani kwetu kuliko hii, na wewe umetoka kwenye shimo hilo hilo miaka mitano tu iliyopita, unakumbuka kingo zake.

Angalia pia kalenda unapochagua watoto. La saba wanafanya mtihani Septemba, na siku hiyo pesa yao inakatika. Upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili uko mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo wao watakuwa nawe mpaka unapoondoka. Changanya. Baadhi ya waliomaliza la saba watataka masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, nao unaweza kuwapokea kwa wiki chache kabla ya chuo. Na kabla hujafundisha, uliza mtoto anatumia kitabu gani, maana mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa. Vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, usinunue vya barabarani.

Malipo. Achana na 500 ya kila siku. Ubaya wake ni kwamba siku mzazi hana, mtoto haji, na mtoto anayekuja leo akakosa kesho na keshokutwa hawezi kujua hesabu za sehemu hata ufanyeje. Toza kwa mwezi, nusu mwanzoni na nusu katikati, na mpe mzazi nafuu kidogo akilipa yote mapema. Bei itategemea mtaa. Uliza walimu wengine wanatoza ngapi, ukae karibu nao, usijishushe sana, kwa sababu mzazi anayelipa bei ya chini kabisa ndiye wa kwanza kuondoka. Kundi lisizidi wanane. Ukifika kumi na tano umekuwa darasa la shule, na faida ya mzazi imekwisha. Kila kundi weka mtoto mmoja ambaye kwao hawana, asome bure, bila wenzake kujua. Daftari lako liwe na jina, siku aliyohudhuria, alicholipa, na alichokijua wiki hiyo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo utakayoisoma kwa mzazi mwisho wa mwezi kwenye simu, sentensi mbili tu: "Mwanao sasa anatoa kwa kuchukua bila kukosea. Bado hajakaa sawa kwenye kugawanya." Mzazi aliyeambiwa hivyo hacheleweshi malipo.

Kuhusu yule baba anayetaka uende kwake jioni, jibu ni hapana, na sababu huhitaji kumpa ndefu. Mwambie kwa heshima kwamba unafundishia nyumbani kwa shangazi, mchana, na mwanawe anakaribishwa. Kama ni mtu mwema atamleta au atamtuma mama wa mtoto. Kama ataongeza bei badala ya kumleta mtoto, umeshapata jibu lako. Mwambie shangazi leo hii kwamba ombi hilo lilikuja. Na kanuni hiyo hiyo iwalinde watoto wako: mfundishie barazani penye macho ya watu, usibaki na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, mumalize kabla ya saa 12 jioni wadogo wafike makwao kukiwa na mwanga. Siku ya mvua mzazi aje amchukue. Wavulana wanaofundisha wasichana wadogo nawaambia hivyo hivyo, kwa ukali zaidi.

Kwa ninavyoelewa, sheria haina ugomvi na kaka au dada anayewasaidia watoto wanane barazani. Serikali imekuwa ikipambana na walimu wanaowatoza wanafunzi wao wenyewe masomo ya ziada na shule zinazofuta likizo. Hata hivyo mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeye ndiye atakayekusainia fomu ya Bodi pia. Ukifikiria kuweka bango, kukodi chumba na kuajiri wenzako, hapo umeanzisha kituo, na unapaswa kwenda kwanza kwa afisa elimu kata ujue usajili unavyotakiwa. Wasomaji wetu wa Kenya wakumbuke kwamba kwao Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo kwa wanafunzi na adhabu yake inafika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja, hivyo aliyemaliza KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, na anasubiri chuo asikubali kutumiwa na shule kuendesha madarasa ya likizo kwa mlango wa nyuma.

Pesa yenyewe isikae kwenye simu. Pesa ya kwenye simu ni ya kila mtu mwenye shida: binamu, jirani, vocha. Fungua akaunti ya benki kwa jina lako, utaihitaji hata kwa Bodi, na kila Jumamosi peleka kwa wakala ulichokusanya. Kubaliana na mama kiasi cha kumsaidia kila mwezi kabla hujaanza, tuseme theluthi, na theluthi hiyo umpe bila kuulizwa, ili theluthi mbili zisiguswe. Na kwa ajili ya JKT, tafuta sasa hivi mwenzako mmoja mnayeaminiana, ikiwezekana asiyetazamiwa kwenda kambini mwaka huu, labda aliyepo chuo cha ualimu au aliyemaliza mwaka jana. Awe anakuja barazani mara mojamoja, watoto wamzoee. Ukiitwa unamkabidhi daftari na watoto, naye abaki na pesa yote ya miezi hiyo. Usidai chochote. Unachotaka ni kurudi ukute watoto wapo, hawajasahau, na wazazi hawajatafuta pengine.

Matokeo yakitoka Julai utaona pia dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU watakutaka uthibitishe kimoja. Kabla hujathibitisha niandikie tena: vyuo, programu, ada ya kila programu kama ilivyo kwenye mwongozo wao, na kiasi kilichopo kwenye akaunti yako siku hiyo. Tutakaa na mama kwenye simu tupige hesabu pamoja.